Kubomoa Nako Kuna Bei

Mwaka 1228 serikali ya San Gimignano ilikuwa na deni la vita. Mji huo mdogo, uliokaa juu ya kilima cha Toscana katikati ya Italia, ulikuwa umekopa ili kuizingira ngome ya jirani iitwayo Castello della Nera, na wadai walikuwa wanabisha hodi. Sehemu ya deni ililipwa kwa zafarani. Ilipimwa kwenye mizani kama fedha, wadai wakapokea, hesabu ikapungua.

Naanza na deni kwa sababu mimi ni mkadiriaji majenzi, na kazi hii imenizoeza kulitazama jengo kuanzia kwa mlipaji. Mbunifu ataangalia sura yake, mhandisi ataangalia kama litasimama. Mimi nauliza fedha ilitoka wapi, nani aliishiwa, na kwa nini kazi ilikwama pale ilipokwama. Binti yangu, anayesoma uhifadhi wa majengo ya kale huko Florence, alitaka kunipeleka Pisa nikapigwe picha na ule mnara ulioinama. Nikamwambia majengo yaliyokosewa msingi nimeyaona mengi bila kupanda ndege; anipeleke kwenye mji ambao minara yake imesimama wima.

San Gimignano haina stesheni. Treni inakushusha Poggibonsi, chini bondeni, kisha basi linapanda kwa kuzungukazunguka katikati ya mizabibu na mizeituni hadi mita 324 juu ya usawa wa bahari. Minara inaanza kuonekana mbali kabla ya kuta, na kwa muda mrefu haionekani kukaribia. Basi likakata kona, ikapotea. Likakata nyingine, ikarudi upande wa pili wa dirisha. Abiria walikuwa wakitoa simu zao na kuzirudisha mfukoni. Binti yangu alinisikia nahesabu kwa sauti akanikanya, “Mama, leo ni matembezi.”

Mji umekaa pale kwa sababu ya njia. Katika Enzi za Kati mtu aliyetoka kaskazini mwa Ulaya kwenda kuhiji Roma alipita njia iliyoitwa Francigena, njia ya kutoka nchi ya Wafaransa. Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury aliifuata mwaka 990 akirudi kwao Uingereza, na orodha ya vituo vyake 79 imehifadhiwa hadi leo. San Gimignano imo. Ukitazama ramani ya mji utaiona njia hiyo mpaka sasa: inaingia kwa lango la San Giovanni upande wa kusini, inapanda moja kwa moja hadi viwanja vya katikati, inateremka na kutokea lango la San Matteo. Mitaa mingine yote imening’inia kwenye uti huo. Mahujaji walihitaji kulala, kula, kubadili fedha, kutibiwa miguu. Mwenyeji aliyekuwa na nyumba kando ya njia alikuwa na biashara bila ya kutoka nje.

Waliotoka nje ndio waliotajirika zaidi, na mali waliyotoka nayo ilikuwa zafarani. Nimekulia Pangani, na zafarani nilijua mapema kuwa ni kitu cha kufungiwa kabatini. Bibi yangu alikuwa nayo kidogo ndani ya karatasi iliyokunjwa, ya kuandikia kombe akiugua mtu, na ya biriani pakiwa na harusi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ni ghali hivyo mpaka nilipoelezwa kazi yake. Ua la zambarau huchanua msimu wa vuli, nalo lina nyuzi tatu tu nyekundu. Huchumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijalifumbua sana, nyuzi zikachambuliwa moja moja, zikakaushwa. Kilo moja iliyokauka inataka maua kama 150,000. Hakuna mashine iliyofanikiwa kuichukua kazi hiyo kutoka kwenye vidole vya watu. Mali ya namna hiyo ina faida moja kubwa kwa mfanyabiashara wa karne ya 13: mzigo wenye thamani ya nyumba unaingia kwenye mfuko wa tandiko la nyumbu. Wafanyabiashara wa San Gimignano waliifikisha kwenye bandari za Mediterania mpaka upande wa mashariki, wakarudi na fedha, na fedha hiyo wakaikopesha kwa riba, hata kwa makabaila na watu wa kanisa waliokuwa na ardhi nyingi bila senti mfukoni.

Sasa una mji wenye fedha nyingi na nafasi ndogo. Kilima hakiongezeki. Mwaka 1199 mji ulikwisha kujitoa chini ya askofu wa Volterra na kuanza kujitawala, na wakubwa wapya walikuwa hawa hawa wauza zafarani na wakopeshaji. Wakaanza kujenga kwenda juu.

Hesabu inayotajwa ni minara 72. Wanaoitaja leo wanasema iliyosalia ni 14, ingawa ukimuuliza mwingine atakupa 13 au 16, kwa kutegemea kama anahesabu mnara wa kengele wa kanisa na ile iliyokatwa ikafunikwa paa. Waandishi wa utalii wanapenda kuuita mji huu Manhattan ya Enzi za Kati. Ulinganisho huo haunipendezi, kwa sababu ghorofa za New York zina watu na ofisi ndani, na mtu alizijenga akitarajia kodi. Minara hii haina nafasi.

Chukua mfano, tuseme mnara wenye kitako cha mita 6 kwa mita 6 na kuta za unene wa mita 2. Ndani umebakiwa na mita 2 kwa 2. Katika kila mita za mraba 36 ulizozilipia, za kukaa ni 4, sehemu moja ya tisa. Inua kuta hizo mita 40 na umetumia karibu mita za ujazo 1,280 za mawe na chokaa, uzito wa tani 2,800 hivi, ili upate vyumba kumi vya kulala mtu mmoja aliyejikunja. Mteja akiniletea mchoro huo ofisini ningemuuliza kwa adabu kama ana ugomvi na mtu.

Na jibu lingekuwa ndiyo. Mnara ulikuwa na matumizi ya vita, hilo halina shaka. Koo zilizopigana mitaani zilihitaji mahali pa kukimbilia na pa kurushia mawe. Watu waliishi humo kwa namna fulani: duka au karakana chini, malazi katikati, jiko juu kabisa ili moto ukitokea wakimbilie chini, nao usipate cha kuunguza juu yake. Kwenye kuta za nje kuna safu za mashimo ya mraba, na mengine yako juu sana. Mengi ni ya miti ya jukwaa la ujenzi, ambayo fundi aliyaacha wazi ili atakayekuja kukarabati apate pa kuchomeka miti yake. Mengine yalibeba boriti za roshani za mbao zilizozunguka mnara kwa nje, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukaa. Roshani za ndugu ziliunganishwa kwa madaraja ya mbao, ukoo ukapita juu kwa juu bila kukanyaga mtaa. Jioni mbao hizo zilikuwa zimejaa wanawake, watoto, nguo na kuku. Picha tuliyonayo ya minara mitupu kama penseli ni ya baada ya mbao kuoza.

Lakini matumizi hayaelezi urefu. Mita 20 zilitosha kwa mawe na kwa jiko. Kilichozidi hapo kilikuwa taarifa kwa jirani. Serikali ya mji ilijua hivyo, maana sheria yake ya mwaka 1255 haikuzungumzia usalama wa jengo. Ilisema hakuna mtu binafsi atakayejenga mnara kuupita ule wa Rognosa, wenye zaidi ya mita 50, uliosimama juu ya jumba la podestà. Podestà alikuwa hakimu na mtawala wa kuajiriwa kwa muda mfupi kutoka mji mwingine, kwa sababu wenyeji hawakuweza kukubaliana juu ya mwenyeji hata mmoja. Nilipenda sana habari hiyo. Watu waliokuwa na fedha ya kuinua mawe mita 50 walilazimika kuagiza mwamuzi kutoka nje, wakamlipa, wakamwekea na kikomo cha urefu juu ya kichwa chake.

Kikomo chenyewe kilifanyiwa ujanja, kama vikomo vyote. Ukoo wa Salvucci una minara miwili pacha iliyosimama bega kwa bega kaskazini ya kiwanja cha kanisa kuu, na wenyeji watakwambia ilijengwa miwili ili urefu wa mmoja ukijumlishwa na wa mwenzake uishinde Rognosa bila kuvunja sheria. Mahasimu wao, ukoo wa Ardinghelli, nao walikuwa na miwili kwenye kiwanja cha kisima. Leo ni mifupi, imekatwa. Kuna na mnara uitwao wa Shetani. Inasemekana mwenyewe alisafiri, na aliporudi akaukuta umeongezeka urefu, akaapa kwamba ni kazi ya ibilisi. Nimeshakutana na mashetani wa namna hiyo mara nyingi katika kazi yangu. Huwa wanaongeza ghorofa mwishoni mwa wiki, ofisi za vibali zikiwa zimefungwa.

Mnara unaoweza kuupanda leo ni Torre Grossa, mali ya serikali ya mji yenyewe, mita 54, ulioanzwa mwaka 1300 na kumalizwa 1311. Serikali iliyowakataza wengine ikajijengea mrefu kuliko wote. Ngazi ni zaidi ya 200, siku hizi ni za chuma, na ukipanda unaona kitu ambacho kwa nje kimefichwa: ukuta ni matabaka matatu. Uso wa nje ni mawe ya kuchonga yaliyopangwa kwa timazi, uso wa ndani ni mawe au matofali, na katikati wamejaza vifusi vya mawe vilivyomiminiwa chokaa. Nyumba za mawe za Pangani nilizokulia zina moyo wa namna hiyo hiyo, ila wetu ni wa matumbawe. Ukuta wa aina hii unadumu mno ilimradi maji hayaingii katikati. Yakiingia, chokaa inanyonya, vifusi vinashuka, nyuso mbili zinaanza kuachana kimyakimya, na siku ya kuanguka hautoi notisi.

Chini ya mnara huo kuna ukumbi unaoitwa wa Dante. Mshairi huyo alikuja hapa kama balozi wa Florence, mwaka 1300 hivi, kuwashawishi watu wa San Gimignano wajiunge na muungano wa miji ya chama cha Guelfi, wale waliokuwa upande wa Papa dhidi ya Ghibellini waliokuwa upande wa Kaizari. Ardinghelli walikuwa Guelfi, Salvucci Ghibellini. Balozi mwenyewe alifukuzwa kwao mwaka 1302 kwa ugomvi wa aina hiyo hiyo na hakurudi tena Florence maisha yake yote. Ghorofa moja juu, katika chumba cha podestà, mchoraji Memmo di Filippuccio alipewa ukuta wa kuchora mwanzoni mwa karne ya 14, akachora mume na mke wakioga katika pipa moja, halafu wakipanda kitandani, na mahali pengine mwanamke amempanda mwanamume mgongoni kama farasi. Binti yangu alinieleza maana za wataalamu. Mimi nilimfikiria hakimu mgeni, aliyeishi peke yake katika mji wa watu waliochukiana, akizitazama picha hizo kila usiku kabla ya kuzima taa.

Mwaka 1348 tauni ilifika. Ilipopita, mji ulikuwa umepoteza sehemu kubwa ya watu wake, na kwa zafarani hiyo ilikuwa hukumu maalumu: mazao yanayotegemea vidole hayawezi kungoja vidole vizaliwe upya. Waliobaki hawakuacha ugomvi wao. Mwaka 1352 vijana wawili wa Ardinghelli walikatwa vichwa hadharani kwa fitina za Salvucci. Ndugu zao wakalipiza kwa kuchoma nyumba za Salvucci. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 1353 San Gimignano ilijiweka chini ya Florence, na Florence haikuchelewa kujenga ngome yake mahali pa juu kabisa pa mji, macho yakiwa yanatazama ndani zaidi ya nje.

Na ile njia iliyouzaa mji iliteremka. Wasafiri walizidi kupita bondeni, ambako pamekauka na ni tambarare, wakailaza usingizi San Gimignano huku juu. Reli ya kutoka Empoli kwenda Siena ilipofunguliwa mwaka 1849 ilifuata bonde hilo hilo, ndiyo maana nilishuka Poggibonsi.

Vitabu vya wageni vinafupisha yaliyofuata kwa sentensi moja: mji ukawa maskini, umaskini ukauhifadhi. Sina ugomvi na sentensi hiyo ila haijakamilika, na ninayeiona kasoro yake ni mtu ambaye ameandika makadirio ya kubomoa. Kubomoa nako kuna bei. Mnara wa tani 2,800 ulioshikana na nyumba za majirani pande tatu, katika mtaa ambao gari la ng’ombe linapita kwa shida, huwezi kuuangusha. Unaushusha jiwe kwa jiwe, kwa kamba na mafundi wa kulipwa kwa siku. Atakayefanya hivyo lazima awe na moja ya sababu mbili: mtu wa kumlazimisha, au kitu bora cha kujenga hapo.

Florence ilikuwa na vyote viwili. Huko minara ilikuwa zaidi ya 150. Mwaka 1250 serikali ya watu wa kawaida ilipowashinda makabaila iliamuru minara yote ishushwe isizidi dhiraa 50 za Florence, mita 29 hivi, na mawe yakaingia katika ujenzi wa ukuta wa mji ng’ambo ya mto. Waliobaki nayo walikuja kuivunja wenyewe baadaye, walipopata fedha za kujenga majumba mapana yenye ua na madirisha, kwa kuwa mtindo wa kujionyesha ulikuwa umegeuka kutoka urefu hadi upana. Ukitembea Florence leo mnara unauona ndani ya ukuta wa hoteli, umekatwa na kumezwa. San Gimignano hapakuwa na wa kulazimisha, na hapakuwa na wa kujenga upana. Wenye minara waliishusha nusu ilipoanza kutisha, wakafunika paa, wakauza mawe yaliyozidi. Mwaka 1580 ilikuwa imebaki 25. Huo ndio mwendo wa kubomoa kusiko na bajeti: minara 47 kwa zaidi ya karne mbili, kila mmoja ukisubiri ufa wake.

Na si kweli kwamba mji uliacha kutumia fedha. Uliacha kujenga tu. Ndani ya makanisa yake kazi iliendelea: Bartolo di Fredi alichora ukuta mzima wa Agano la Kale katika kanisa kuu na kuumaliza mwaka 1367, miaka 14 baada ya uhuru kuondoka. Miaka ya 1470 Domenico Ghirlandaio akachora humo kanisa dogo la Santa Fina, msichana wa mji aliyelala mgonjwa juu ya ubao miaka mitano na kufa tarehe 12 Machi 1253, akiwa na umri wa miaka 15. Kwenye picha ya maziko yake, nyuma ya waombolezaji, kushoto na kulia, Ghirlandaio ameichomeka minara ya San Gimignano. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko heshima ya mahali inavyoruhusu. Waliokuwa karibu nami walikuwa wanamtazama marehemu. Mimi nilikuwa natazama jinsi mchoraji alivyochora vichwa vya minara, kwa maana hiyo ndiyo picha ya eneo la kazi kabla ya fundi kuingia, kitu ambacho kila mkadiriaji anakiomba na ni nadra kupewa.

Kazi niliyoipenda zaidi iko kanisa la Sant’Agostino, karibu na ukuta wa kaskazini, ambako wageni wengi hawafiki kwa kuwa miguu imeshachoka. Benozzo Gozzoli alichora huko, mwaka 1464 na 1465, maisha ya Mtakatifu Augustino katika picha 17. Augustino alikuwa mtu wa Afrika, aliyezaliwa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Picha ya kwanza inaonyesha wazazi wake wakimpeleka shule huko Thagaste, na mwalimu ameshika fimbo anamtandika mtoto aliyebebwa na mwenzake ili atulie. Nilicheka kwa sauti. Shule ile naijua. Lakini mji wenyewe ni Toscana tupu: matao, roshani, nyumba za Florence zilizooshwa, na kijana Augustino mweupe mwenye nywele za dhahabu. Gozzoli hakuwahi kufika Thagaste, na hakuona haja ya kumuuliza aliyefika. Nimeona michoro ya wabunifu wa nje kwa viwanja vya Dar es Salaam yenye miti ya misonobari mbele ya jengo, kwa hiyo nilimsamehe.

Mchana tulikula kwenye kiwanja cha kisima. Kisima kilichimbwa mwaka 1273, kina pembe nane, na mdomo wake wa mawe umechongwa mifereji na kamba za ndoo za vizazi vingi. Meza zote zilikuwa na glasi za Vernaccia, divai nyeupe ya hapa, ambayo mwaka 1966 ilikuwa ya kwanza nchini Italia kupata hati ya asili ya DOC. Mimi situmii, niliagiza maji na wali wa zafarani. Zafarani yenyewe ilikuwa imepotea sokoni kwa muda mrefu, ikafufuliwa na wakulima wachache, na tangu 2005 ina hati yake ya Ulaya inayolinda jina la San Gimignano. Nilinunua kichupa. Kwa uzito ule, bei yake ingewafanya wadai wa mwaka 1228 watabasamu.

Alasiri, wenye mabasi ya siku moja wakianza kuondoka, binti yangu alinipeleka kwenye nyumba ya Campatelli, ambayo taasisi ya uhifadhi ya FAI imeifungua kwa wageni. Nyumba ina mnara wa mita 28, na mnara huo uko mtupu: sakafu za mbao zilishaondoka, hivyo unasimama chini na kutazama bomba la mawe mpaka paani. Ndipo mita zangu za mraba nne zikapata sura. Mlinzi alinikuta nimenyoosha mikono kupima upana wa ndani akadhani naumwa.

Kuta za mji, zenye mzunguko wa kilomita mbili na kidogo, nazo ni za karne ya 13, na zina tatizo ambalo minara haina. Mnara hausukumwi na udongo. Ukuta wa mji una mlima wa udongo mgongoni. Mvua ikinyesha sana, udongo unanywa maji na kuyasukumia ukutani, katika ule moyo wa vifusi na chokaa. Aprili 2018 kipande cha ukuta kiliporomoka, mawe yakaangukia barabara ya chini. Tangu hapo kila mhandisi anayeupita anautazama kwa jicho la daktari.

Tulipouzunguka kwa nje tulikuta sehemu yenye jukwaa na mafundi wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, na binti yangu akamwamkia kwa heshima kisha akawa mkalimani wetu. Nilimuuliza wanatumia nini kwenye viungo. Akanionyesha ndoo: chokaa, na mchanga. Akasema zamani kidogo, katika karne iliyopita, waliokarabati walitumia saruji, kwa kuwa inakauka haraka na inaonekana imara, na ndiyo anayoikwangua sasa kutwa nzima, kwa sababu saruji imefungia maji ndani ya ukuta na mawe laini yaliyoizunguka yameoza, yenyewe imebaki imetokeza kama mbavu. Nikamwambia Pangani pia tunaikwangua. Akauliza sisi chokaa yetu tunachoma nini. Nikamweleza matumbawe, na magogo yanavyopangwa kwa mduara, na moto unavyowaka usiku kucha. Akataka kujua inakaa siku ngapi kwenye shimo la maji kabla ya kutumika. Nilimwambia babu yangu alikataa kuigusa kabla ya miezi sita. Yeye alisema hapa, ikiwa mwenye kazi ana haraka, wiki chache. Ikiwa hana, mwaka. Kisha akamwita mwenzake aje asikie habari za babu, na binti yangu akaniambia basi letu linaondoka baada ya dakika kumi na tano, na lango liko upande wa pili wa mji.